Katikati ya mji iko nyuma: kuchora kwa ajili ya nguo

Ukitaka kujua kama mchoro wa kanga umefaulu, usiutazame ukiwa umetandazwa mezani. Mpe mtu ajifunge, mwache atembee, akae, ainame aokote kitu, ndipo utazame kilichosalia cha mchoro wako. Mimi nachora vitambaa na pia nashona. Vijana wanaokuja kujifunza kwangu wakitokea kwenye michoro ya vitabu na mabango hukwama hapa hapa. Wana mkono mzuri kuliko wangu, lakini wanachora kana kwamba nguo ni karatasi pana.

Tuanze na hesabu. Kanga moja ina urefu wa kama sentimita 150 na kimo cha kama sentimita 110. Chukua mtu mwenye nyonga za sentimita 100. Anaishika kanga nyuma yake, anazileta ncha zote mbili mbele, anazilaza moja juu ya nyingine na kufunga. Sentimita 50 zimelaliana. Theluthi nzima ya mchoro wako haionekani tena, na pindo la kando, lile uliloliweka ukingoni, sasa linashuka wima ubavuni, pale nyonga inapopinda. Na katikati ya mji, yaani uwanja wa kanga ulio ndani ya mapindo, mahali ambapo kila mchoraji mgeni huweka kitu chake cha thamani, pamekwenda kukaa nyuma. Tena nyuma penyewe ni pale anapokalia.

Wanawake wa pwani hawakuhitaji hesabu yangu kulijua hilo. Jina la kanga, yaani yale maneno yake, huandikwa chini ya mji, juu kidogo ya pindo refu, katikati. Kanga ikitupiwa mabegani, maneno hukaa mgongoni. Ikifungwa kiunoni, huzunguka miguu kwa nyuma. Anayeyasoma ni yule anayekuja nyuma yako, au jirani aliyebaki kibarazani baada ya wewe kupita. Mpangilio wote wa kanga umeshakubali kwamba nguo ina mbele na nyuma na kwamba mvaaji anatembea. Kwangu hiyo ni kazi kubwa ya usanifu, na huwa nasikitika ikiitwa "mapambo" tu.

Ndiyo maana picha za sura za watu zinasumbua sana. Mwaka 2008, Barack Obama aliposhinda urais wa Marekani, ilitoka kanga yenye sura yake katikati ya mji, maneno ya kumpongeza juu, na chini jina: UPENDO NA AMANI AMETUJALIA MUNGU. Ukiitandaza ni picha nadhifu. Ukiifunga kiunoni, mheshimiwa anakwenda kukaliwa. Kanga za viongozi na za kampeni zote zina shida hiyo, na dawa iko mikononi mwa mvaaji, si mchoraji: anaijitupia mabegani, sura ikae mgongoni ambako heshima haivunjiki. Mteja akinijia na picha ya mtu, kwanza namuuliza itavaliwa vipi. Ikiwa ni ya kujifunga, nampendekezea alama badala ya sura, yaani chombo cha kazi yake, ua, au herufi za jina lake.

Wachoraji wa zamani walikuwa na majibu mawili mazuri. La kwanza ni kutawanya vitu vidogo mji mzima, madoa, maua, majani, ili popote kitambaa kitakapokunjwa kibaki kitu kizima cha kutazama. La pili ni duara moja kubwa katikati na vipande vinne pembeni, robo kila pembe. Duara hilo likikaa nyuma hupendeza, kwa sababu halina juu wala chini, na mwili ukitembea linatembea nalo. Korosho nayo, lile umbo la tone lenye ncha iliyopinda, ina ujanja wake. Ule mkunjo wa ncha yake unaelekea upande mmoja, kwa hiyo ukizipanga zikitazamana jicho huzunguka, na hakuna anayegundua kwamba nusu yake imefichwa.

Kanga yenyewe ilizaliwa kwa kukata na kuunga. Inavyosimuliwa kwa kawaida ni kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani walikuwa wakinunua leso za mikononi kabla hazijakatwa mojamoja, wakazishona tatu juu na tatu chini kupata nguo moja ya kujitanda. Mombasa mpaka leo wanaiita leso. Baadaye wafanyabiashara waliagiza nguo nzima iliyochapwa hivyo moja kwa moja. Kwa hiyo mkono wa kwanza uliopanga umbo hili ulikuwa umeshika sindano, kalamu ilikuja baadaye.

Kisha kwa miongo mingi michoro yetu ilichapwa mbali sana: Uingereza, Uholanzi kwenye viwanda kama kile cha Van Vlissingen mjini Helmond, baadaye Japani na India. Hebu wazia kazi ya yule mchoraji wa kiwandani. Hajawahi kuiona kanga ikivaliwa, hajui kusoma maneno anayoyanakili, kwanza kwa herufi za Kiarabu, halafu za Kirumi. Aliyekuwa akishika usukani ni mfanyabiashara wa huku, aliyejua wanawake wa mji wake wanataka nini msimu huu. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, ambalo kanga zake zina maandishi madogo "Mali ya Abdulla", limejengewa jina na kazi hiyo. Tanzania ilikuja kupata viwanda vyake, Urafiki cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1968 kwa msaada wa China, na mchoraji akawa tena anaishi mtaa mmoja na mvaaji.

Uchapaji nao una masharti yake, na nayapenda kwa sababu yanakataza upuuzi. Kila rangi ina skrini yake, yaani wavu wa kupitishia rangi hiyo kwenye kitambaa, kwa hiyo kila rangi unayoongeza ni gharama. Kanga nyingi nzuri zina rangi mbili tatu tu juu ya weupe wa kitambaa. Kisutu, kanga ya harusi, ina nyekundu, nyeusi na nyeupe, na hakuna anayelalamika kwamba imepungukiwa. Skrini pia huweza kuteleza kidogo, ukaona uzi mweupe kati ya ua na mstari unaolizunguka. Basi rangi ya giza ilalie ile nyepesi, usiziache zikutane ukingoni. Mistari myembamba kama ya penseli, ile inayowapendeza sana watu wa vitabuni, hupotea. Chora kwa ajili ya mtu aliye ng'ambo ya barabara.

Sasa mkasi. Kanga huuzwa doti, mbili zikiwa hazijatenganishwa, na siku hizi wengi wanaipeleka moja kwa moja kwa fundi igeuzwe gauni, shati au sketi ya marinda. Tangu Mustafa Hassanali alipoanzisha Swahili Fashion Week jijini Dar es Salaam mwaka 2008, vijana wengi wanajua kwamba kitambaa cha nyumbani kinaweza kupanda jukwaani. Wasichoambiwa ni kwamba ukikata kanga unaharibu mpangilio mmoja, na unawajibika kuweka mwingine mahali pake.

Nguo nyingi za kanga ninazoziona zimekatwa kama kitenge. Kitenge mchoro wake unajirudia mfululizo, ukikosa hapa utapata pale. Kanga haina akiba hiyo. Ina mji mmoja, mapindo manne na sentensi moja, ukivipoteza umevipoteza. Kwa hiyo kabla ya chaki kugusa kitambaa, mimi na fundi tunakubaliana kila sehemu itakwenda wapi. Pindo refu ndilo la thamani zaidi. Likae chini ya gauni, au lishuke wima mbele ya shati, upande wa vifungo, la kulia na la kushoto yakitazamana. Pindo fupi hutosha mikono. Mji ufanye mgongo. Kola naikata kwenye sehemu tulivu, kwa sababu kola yenye mchoro mkubwa hupigana na uso wa mvaaji.

Na jina? Ama libaki zima, ama liondoke lote. Chukua USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO, jina linalojulikana sana. Mshono wa ubavuni ukila herufi tatu za mwanzo, umemvika mteja nguo inayomshauri asafirie nyota ya mwenzake, na watu wa pwani watasoma, hawatakuonea huruma. Jina refu halienei mgongoni kwa mtu mwembamba. Hapo nalikata kama utepe mzima na kulishona kuzunguka chini ya sketi, au nalificha ndani ya bitana. Bitana yenyewe haikwepeki, kanga ni nyepesi na huonyesha. Na kabla ya yote hayo loweka kitambaa, kifue, kikaushe, kipige pasi. Kanga mpya ina wanga, ikifuliwa hulainika na kurudi, yaani kupungua. Gauni lililoshonwa kabla ya kufua halitamkaa tena mwenyewe.

Wapo wanaoipeleka kanga upande wa pili kabisa. Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kushinda Turner Prize ya Uingereza mwaka 2017, ni mtoto wa mama aliyekuwa mbunifu wa vitambaa, na katika kazi zake amechukua mpangilio wa kanga, pindo, mji na maneno, akaufanya mchoro wa kutundikwa. Ninaziheshimu kazi hizo. Lakini zinapotazamwa ukutani zinapata kitu ambacho kanga haina, yaani mtazamaji aliyesimama mbele, akiona yote kwa pamoja. Mimi nafanya kazi na mtazamaji anayeona robo, tena kwa sekunde chache, tena inatembea.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni kuigeuza safari hii: nguo ianze, mchoro ufuate. Tunatumia batiki. Fundi anapima mteja na kuchora vipande vya gauni juu ya pamba nyeupe iliyokwisha kufuliwa, bila kukata. Chaki itaondoka kwenye maji ya rangi, kwa hiyo anapiga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kwa uzi kufuata mistari yote, kisha ananiachia. Sasa najua bega ni hapa, kiuno ni hapa, na tawi la mkarafuu ninaloanza kulichora kwa nta chini ya pindo la kushoto linaweza kupanda, likavuka mshono wa ubavuni na kutokea mgongoni. Nta inazuia rangi, penye ufa rangi inapenya na kuacha mishipa midogo. Rangi nyepesi hutangulia, nzito hufuata. Mwishoni tunachemsha nta itoke, tunakausha, na bandi zikiwa bado zipo fundi anajua pa kukata.

Ugumu uko kwenye mishono. Huwa natoa mchoro nje ya bandi kwa sentimita mbili pande zote, ili fundi akihitaji kuachia au kubana kidogo asikutane na weupe. Ubavuni tawi hukutana vizuri, kwa sababu pande zote mbili zinashuka kwa mteremko unaokaribiana. Begani halikutani kirahisi hivyo. Mkono ndio mbaya zaidi. Pale unaposhonewa begani una mviringo, na mstari ulionyooka kwenye kitambaa huvunjika ukishaunganishwa. Ushauri wangu kwa mchoraji anayeanza: usivushe kitu chochote juu ya mshono wa mkono. Acha rangi tupu upana wa vidole vitatu kila upande, maliza tawi kabla ya hapo, na kama ni lazima mkono uwe na mchoro, anza mwingine mdogo karibu na kiwiko. Na bei mpatane mapema, pesa ya mchoro kando na ya kushona, maana mteja akiona gauni moja limechukua muda wa magauni manne, atataka kujua ni nani kati yenu aliyechelewesha.