Mashine haihitaji chuki ili itudhuru

Kwenye kahawa na dhumna pale Jaws Corner, Mji Mkongwe, utasikia kwamba siku kompyuta itakapotuzidi akili itaamka, itatuchukia na kutupiga vita. Hofu ina msingi, ila imeshika pasipo.

Katika mambo mahususi imeshatuzidi. Kompyuta iitwayo Deep Blue ilimshinda bingwa wa sataranji Garry Kasparov mwaka 1997. Programu ya kompyuta iitwayo AlphaGo ikamshinda Lee Sedol, bingwa wa Go, mchezo wa kete za ubaoni, mwaka 2016. Zote mbili zilihitaji mtu akae mezani azisogezee kete, na wala hazikujua kwamba zimeshinda.

Inayotuzidi katika kila jambo bado haipo. Mwanahisabati I. J. Good alieleza mwaka 1965 inavyoweza kuja: mashine ibuni iliyo bora kuliko yenyewe, na hiyo ibuni nyingine.

Hatari yake ni lengo lililopangwa vibaya. Iambie iongeze mapato ya utalii Nungwi, bila kutaja visima vya wenyeji, inaweza kuyaelekeza maji yote hotelini, nayo imetii kikamilifu. Ndiyo maana wanaozitengeneza, na viongozi wanaozinunua kwa niaba yetu, lazima waulizwe mapema: lengo kalipanga nani, na nani anaweza kuizima?