Je, wajua kwa nini Saudi Arabia huagiza mbuzi na kondoo wakiwa hai?

Nyama iliyogandishwa haili, hainywi wala haifii njiani. Saudi Arabia huiagiza pia, lakini bado kila mwaka hushusha bandarini mamilioni ya mbuzi na kondoo wenye uhai wao.

Sababu moja kila Mwislamu anaijua. Mnyama wa kuchinjwa kwenye Hijja na Idi lazima awe mzima: asiwe chongo, kiguru wala mgonjwa, na umri wake uwe umetimia. Nyama ya katoni haiwezi kushika nafasi hiyo.

Sababu nyingine ni maji, na hapa ndipo sera ya chakula inapoingia. Nchi ile haina hata mto mmoja unaotiririka mwaka mzima. Miaka ya 1980 ilichimba visima virefu jangwani, ikalima ngano mpaka ikauza nje. Maji yale ni ya kale. Mvua ya leo hairudishi kinachovutwa. Mwaka 2008 serikali ikaanza kupunguza ngano iliyonunua kwa wakulima wake, na kufikia 2016 ikasitisha. Kisha ikabana kilimo cha majani ya mifugo. Mbuzi aliyekulia kwenye malisho ya mvua ya Somalia, akipanda meli Berbera, anavuka na maji ambayo Saudia haikuyachimba.

Mlango huo ukifungwa, je? Mvua za El Niño za 1997 zilizusha Homa ya Bonde la Ufa Garissa na kusini mwa Somalia. Ugonjwa huu, uliotambuliwa karibu na Naivasha mwaka 1931, huenezwa na mbu. Zizi zima huharibu mimba, na mchinjaji huweza kuupata kwa kugusa damu. Mwaka 1998 Saudia ikapiga marufuku mifugo ya Somalia. Marufuku ikaondolewa, lakini Septemba 2000 homa ikazuka Jizan, ndani ya Saudia yenyewe, mara ya kwanza nje ya Afrika. Mlango ukafungwa tena hadi 2009.

Kujikinga ni haki yao. Ila miaka tisa ni mingi mno kwa mfugaji ambaye akiba yake yote inatembea kwa miguu minne, na ada ya shule hutoka zizini. Kilichosaidia kuufungua mlango ni karantini ya Berbera: wanyama hutengwa, hutolewa damu ikapimwa, na mwenye ugonjwa hapandi meli. Mwaka 2014 Somalia ilisafirisha mifugo ipatayo milioni 5.