Nyumba ya kimodeni ya miaka ya 50: ihifadhiwe au ibomolewe? Hivi ndo ninavyoamua

Kwenye kazi yangu ya kukagua majengo ya zamani huku Marekani, swali hili la nyumba za kimodeni, zile ambazo nyingi zina kioo kingi, paa bapa na hazina mapambo, huwa linaniletea watu wawili ambao kila mmoja ameshalijibu. Mwenye nyumba anasema paa linavuja, boriti zimeoza, waya za umeme ni za enzi hizo, vioo ni vya tabaka moja na bili ya kupasha nyumba joto inamtoa jasho, sasa hapo kuna nini cha kuhifadhi? Jirani naye anakuja na picha nzuri ya mwaka 1958 anasema hii ni hazina, isiguswe hata msumari. Wote wanachanganya maswali mawili ambayo mi nayatenganisha kabla sijafungua hata begi la vifaa: la kwanza, hii nyumba ina umuhimu gani, la pili, iko kwenye hali gani. Na la umuhimu lazima litangulie. Ukianza na la hali umeshapotea njia, kwa sababu nyumba yoyote ya miaka sabini ukiitafutia sababu ya kuibomoa utazipata kibao.

Chukua Farnsworth House ya msanifu Mies van der Rohe, kule Plano, Illinois, iliyokamilika 1951. Imejengwa pembeni ya mto Fox na mto huo umeshaingia ndani zaidi ya mara moja, mafuriko ya 1996 yalivunja kioo na kuharibu mbao na fanicha. Kwa hali tu, nyumba inayoingiliwa na mto ni kesi mbaya sana. Lakini umuhimu wake haukuwahi kutetereka, na ilipopigwa mnada 2003 wahifadhi walichanga zaidi ya dola milioni 7 kuinunua isije ikahamishwa pale ilipo. Hali ilikuwa tatizo la kutafutiwa ufumbuzi, haikuwa hukumu.

Sasa umuhimu unapimwaje? Watu wengi wanadhani ni umri na jina la msanifu. Umri upo kweli, Rejista ya Taifa ya Maeneo ya Kihistoria kwa kawaida inataka jengo liwe na miaka 50, ila hicho kigezo kwa nyumba hizi kimeshapitwa, hata iliyojengwa 1970 imevuka, kwa hiyo anayekwambia "hii ni ya juzi tu" hana hoja. Jina la msanifu nalo linasaidia, ila kuwa na jina kubwa kwenye ramani hakutoshi na kukosa jina hakuondoi kitu. Vigezo vya Rejista ni vinne: tukio au mwenendo wa kihistoria, mtu muhimu, usanifu wenyewe, na taarifa ambazo eneo linaweza kutupa (hiki cha nne ni zaidi cha akiolojia). Yaani usanifu ni mlango mmoja tu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni nyumba ya Medgar Evers kule Jackson, Mississippi. Ukipita barabarani utaona kinyumba cha ghorofa moja, kirefu, cha chini, cha 1956, kama maelfu mengine ya enzi hizo. Mtu anayetafuta kioo na chuma cha Mies atapita bila kugeuza shingo. Ila simama uangalie vizuri: haina mlango wa mbele. Unaingia kwa pembeni, kupitia kwenye banda la gari, kwa sababu familia ya mpigania haki za Weusi ilijua mlango unaotazama barabara unaweza kuwa kifo chao. Na kweli Juni 1963 Evers alipigwa risasi akiwa ameshuka kwenye gari, hapo hapo nyumbani kwake. Mwaka 2019 bunge la nchi liliidhinisha nyumba ile iwe eneo la kumbukumbu la taifa. Sasa fikiria fundi mwenye nia njema angekuja akasema nyumba bila mlango wa mbele ni kasoro, akatoboa ukuta akaweka mlango mzuri. Angefuta sentensi nzima ya historia kwa siku moja.

Ndo maana kabla ya kuangalia paa natafuta karatasi. Vibali vya ujenzi vya mwanzo, michoro, hati za umiliki, magazeti ya wakati ule, picha za angani, na kama kuna mtu aliyekulia mle ndani naomba kuongea naye. Nani alijenga, nani aliruhusiwa kununua na nani alikatazwa. Hili la mwisho lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Joseph Eichler alijenga nyumba kama 11,000 California, na alikuwa anawauzia watu bila kujali rangi wakati wajenzi wenzake wengi hawataki hata kusikia habari hiyo, mpaka akajitoa kwenye chama chao cha kitaifa 1958. Mtaa wa Eichler kwa hiyo una mambo mawili, usanifu na historia ya nani aliishi wapi, na nyumba moja moja pale inaweza isiwe ya ajabu lakini mtaa mzima ukawa na uzito. Ukiondoa moja ukaweka jumba la ghorofa mbili katikati umeharibu na za jirani pia, maana zile zilipangwa zisichunguliane, kioo cha huyu kinatazama bustani yake na sio dirisha la mwenzake.

Umuhimu ukishathibitika ndo unakuja uhalisi, yaani kile kilichobaki kinatosha kusimulia? Rejista inataja mambo saba: mahali, usanifu, mazingira, vifaa, ufundi, hisia na uhusiano. Kwa nyumba za kimodeni mi nadhani hapa ndo wakaguzi wengi wanakosea, kwa sababu wanazipima kama nyumba za karne ya 19. Nyumba ya zamani ile ina nakshi, kona, mabaraza, ukiondoa robo ya mapambo bado inasomeka. Nyumba ya kimodeni haina pambo la kuficha kitu. Uzuri wake wote uko kwenye vitu vyembamba: ukingo wa paa wenye unene wa ubao mmoja, kioo kilichoingizwa moja kwa moja kwenye nguzo bila fremu, boriti inayotoka sebuleni inapita juu ya kioo inaishia nje bustanini, sakafu ya ndani inayoendelea hadi ya nje kwa usawa ule ule. Ukibadilisha kioo hicho ukaweka dirisha la plastiki lenye fremu nene kama mkono hujabadilisha dirisha tu, umeondoa wazo zima la nyumba. Na paa bapa likizibwa kwa tabaka juu ya tabaka kila linapovuja, ule ukingo mwembamba unanenepa mpaka nyumba inaonekana imevaa kofia.

Ila sio kila badiliko ni kifo. Nalipima kwa swali moja: linaweza kurudishwa? Jiko lililobadilishwa halinisumbui sana, majiko yanabadilishwa kila nyumba. Zulia juu ya terazo linatoka, na mara nyingi terazo iko chini yake inasubiri tu kusafishwa. Ukuta wa kioo uliozibwa kwa mbao na plasta unafunguka, kwa sababu nguzo ziko pale pale. Ghorofa iliyopandishwa juu ya nyumba bapa, hapo karibu kila mara nasema basi, kwa sababu paa ndo lilikuwa nyumba, na kuitoa hiyo ghorofa maana yake ni kujenga paa jipya la kukisia.

Kaufmann House ya msanifu Richard Neutra kule Palm Springs, 1946, ndo ushahidi wangu mtu akiniambia "imeshaharibiwa sana hii". Wamiliki waliopita walikuwa wameziba baraza, wamebandika karatasi za maua ukutani, wamejaza mashine za kipupwe juu ya paa. Miaka ya 90 wamiliki wapya na wasanifu wa Marmol Radziner walivitoa vyote, wakatumia picha za zamani za mpiga picha Julius Shulman, hata zile ambazo hazijawahi kuchapishwa, kujua kila kitu kilikuwa wapi, na wakafanikisha kufunguliwa tena kwa sehemu ya machimbo kule Utah ili wapate jiwe linalofanana na la mwanzo. Najua sio kila mtu ana pesa za aina hiyo. Ninachosema ni kwamba mifupa ilikuwepo, na mifupa ikiwepo hoja ya "imeharibiwa" lazima ichunguzwe kabla haijaaminiwa.

Sasa hali. Hapa ndo natoa bisibisi. Sehemu ya kwanza kuigusa ni ile ncha ya boriti inayotokeza nje, kwa sababu msanifu aliipenda ionekane na hakuifunika, na mvua imeipiga miaka yote hiyo. Kwa macho inaweza kuwa imepakwa rangi vizuri kabisa. Nasukuma bisibisi taratibu upande wa juu, pale maji yanapokaa. Ikigoma, nzuri. Ikizama kama kwenye keki, naanza kurudi nyuma kidogo kidogo kuelekea ukutani nikiendelea kuchoma mpaka nipate mbao ngumu, na hapo ndo jibu lote lilipo: je, uozo umeishia nje kwenye sehemu inayoning'inia, au umepita mstari wa kioo ukafika pale boriti inapokalia nguzo? Ukiishia nje, fundi mzuri anakata sehemu mbovu, anaunganisha kipande kipya, anaweka kofia ndogo ya bati juu yenye mteremko, kazi imeisha. Ukifika kwenye nguzo, nahitaji injinia, kwa sababu boriti hiyo imebeba paa na hamna dari wala ukuta wa ndani wa kuisaidia. Tofauti kati ya kesi hizi mbili ni urefu wa mkono tu, na nimeshaona ripoti zikiandika "boriti zimeoza" kwa zote mbili bila kupima.

Baada ya boriti naangalia paa kama limebonyea katikati na maji yanatuama. Naangalia mabomba ya maji moto yaliyozikwa ndani ya sakafu ya zege, ambayo yakiwa ya chuma mara nyingi yameliwa na kutu, na hapo watu wanapanik, ila mfumo wa kupasha joto unaweza kubadilishwa bila kuvunja nyumba. Panapo zege lililo wazi natafuta pale linapopasuka na nondo zinapochungulia. Vigae vya vinaili vya enzi hizo na gundi yake vinaweza kuwa na asbesto, na rangi ya kabla ya 1978 inaweza kuwa na risasi, yale madini. Hivi viwili hutumiwa sana kama sababu ya kubomoa wakati asbesto inabidi ishughulikiwe kwa utaratibu maalumu hata ukibomoa, tena kubomoa ndo kunaitibua zaidi.

Afu makadirio ya gharama. Ukiletewa karatasi inayosema ukarabati ni ghali kuliko kujenga upya, soma mstari kwa mstari. Mara nyingi mkandarasi hajapiga hesabu ya kutengeneza, amepiga hesabu ya kubadilisha kila kitu: vioo vyote, paa lote, boriti zote, ni kama kumng'oa mtu meno yote kwa sababu moja limetoboka. Na upande wa nyumba mpya kaacha gharama za kubomoa, kumwaga kifusi, michoro, vibali. Omba makadirio ya pili kutoka kwa mtu aliyewahi kukarabati nyumba za aina hii. Ukweli wenyewe, na wahusika wanaujua, ni kwamba nyumba nyingi hizi hazibomolewi kwa ubovu, zinabomolewa kwa sababu ni ndogo na ziko kwenye kiwanja kikubwa sehemu ya ghali.

Na sheria je? Hapa watu wengi wanashtuka: nyumba binafsi kuwa kwenye Rejista ya Taifa hakumzuii mwenye nyumba kuibomoa kwa pesa zake. Nguvu ya kuzuia au kuchelewesha iko kwenye halmashauri ya mji, na kila mji una yake. Na orodha za miji zina mapengo: Chicago ina utaratibu wa kuchelewesha kubomoa hadi siku 90, lakini umejengwa juu ya sensa ya majengo ambayo kimsingi iliangalia yale ya kabla ya 1940, kwa hiyo nyumba nzima nzima za kimodeni haziko kwenye hesabu. Kutokuwepo kwenye orodha sio ushahidi kwamba haina umuhimu, mara nyingi ni ushahidi kwamba hamna aliyeenda kuangalia. Maslon House ya Neutra, Rancho Mirage, 1962, ilinunuliwa na kubomolewa 2002 kwa kibali halali cha mji. Geller House ya Marcel Breuer, Long Island, 1945, ile iliyotenganisha upande wa kulala na upande wa kukaa chini ya paa la mabawa ya kipepeo, iliondoka Januari 2022. Zote mbili zilikuwa zinajulikana na wataalamu. Zilikosa ulinzi wa mji kabla ya mnunuzi kufika, na mnunuzi akishafika na ramani mkononi unakuwa umechelewa.

Zipo ninazoandika zibomolewe, nisiwafiche. Nyumba iliyonakiliwa kutoka kitabu cha ramani, iko peke yake maana mtaa wake umeshabadilika wote, imepandishwa ghorofa, vioo vimeondoka, hamna mtu wala tukio linaloihusu kwenye karatasi zote nilizosoma: hiyo nikiipigania nitakuwa nimezidhoofisha zile za kweli, kwa sababu bodi ya mji ikichoka na wewe inakuchoka kwa zote. Ila hata hapo nauliza kwanza kama kiwanja kinaruhusu kuongeza jengo la pili nyuma, limeunganishwa kwa kaujia ka kioo, maana familia inayotaka vyumba viwili zaidi haihitaji buldoza.

Na ikishaamuliwa kubomoa nasimamia jambo moja bila mjadala: ipimwe na ichorwe yote, ipigwe picha kila upande na kila kiungo, hasa pale kioo kinapokutana na nguzo na boriti inapotoka nje, kwa namna ile ile ambayo mradi wa serikali wa kurekodi majengo ya kihistoria umekuwa ukifanya tangu 1933 na kuweka kwenye Maktaba ya Bunge. Mbao za dari, milango, vitasa, taa za kujengewa na matofali vitolewe kwa mkono kabla mashine haijaingia, kwa sababu kuna nyumba nyingine ya mjenzi huyo huyo mtaa wa pili inayotafuta kitasa hicho hicho. Nakala ya michoro ipelekwe kwenye maktaba ya mji, sio ibaki kwenye simu ya mkandarasi.