Kuku ana uvimbe, nimpe dawa gani? Maswali na majibu

Mtu akiona kuku wake kavimba mahali anakimbia duka la dawa za mifugo, anauziwa antibayotiki ya unga, anakoroga kwenye maji, basi. Wazima wote wanakunywa, mgonjwa mwenyewe hata hasogelei maji maana kashajikunyata kwenye kona. Inaniuma sana hii, kwa sababu uvimbe mwingi wa kuku hautaki ile dawa kabisa. Haya ni maswali ambayo majirani na ndugu wananiuliza kila mara.

Jana jioni nimemshika kuku wangu nikakuta bonge kifuani chini ya shingo, ni jipu?

Jioni? Hapo umeshika chakula tu ndugu yangu. Kuku ana kifuko pale kifuani, upande wa kulia kidogo, anajaza mchana kutwa afu usiku kinashuka taratibu. Mshike tena alfajiri kabla hajala, ukikuta kimenywea ujue yuko sawa. Kikiwa bado kimejaa na kigumu, hapo kuna kitu kimeziba, mara nyingi majani marefu au kamba za viroba. Mnyime chakula kwanza, mpe maji, kanda kile kifuko polepole mara kadhaa kwa siku. Usimgeuze kichwa chini kumtapisha, yale maji yanaingia kwenye mapafu na anakufa mkononi mwako. Siku ya pili hakijashuka, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Kuku wangu wana vipele vyeusi kichwani, kwenye kilemba na kuzunguka macho. Ni ndui?

Inaweza kuwa ndui na inaweza kuwa viroboto, na wengi wanachanganya hapa. Mshike kuku juani, chukua kipele kimoja uangalie kwa karibu. Ukiona ni vidoa vidogo vidogo vya kahawia vimebanana pamoja kama mbegu za ufuta, na ukikwangua kwa ukucha kimoja kikachomoka chenye miguu, hao ni viroboto wanaoganda, wanang'ata na kukaa hapo hapo siku nyingi hadi vifaranga wanaishiwa damu. Wapake vaselini au mafuta ya kula juu yao wakose hewa, ila angalia usiingize machoni, na usipake mafuta ya taa jamani, yanaunguza ngozi. Afu fagia banda lote, choma takataka, nyunyiza dawa ya viroboto hadi kwenye nyufa za sakafu, maana vizazi vyao vinakua kwenye vumbi wala si kwenye kuku.

Ndui yenyewe ni magamba magumu yaliyoota kwenye ngozi, yanaanza meupe meupe afu yanakuwa manjano, mwisho meusi. Ni kirusi, na mbu ndio wasambazaji wakubwa ndio maana inashika kasi msimu wa mvua. Dawa ya kuiua hakuna. Usibandue yale magamba, yanatoka damu na kirusi kinajaa hapo hapo bandani. Paka iyodini kwenye vidonda, yakifunga macho yasafishe kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, na mlishe na kumnywesha mwenyewe maana haoni, wengi wanakufa kwa njaa na kiu wala si kwa ndui. Kwa kawaida anapona ndani ya wiki 2 hadi 4. Ila fungua mdomo, ukikuta utando wa manjano kooni na anahema kwa shida hiyo ndiyo mbaya, wengi hawatoki. Wazima ambao hawajashikwa wachanjwe haraka, ile ya kuchoma kwenye ngozi ya bawa, na baada ya siku 7 hadi 10 kagua pale palipochomwa pawe pamevimba kidogo, pasipovimba chanjo haijashika.

Mwanangu, tetea wangu anachechemea na chini ya mguu kuna kitu cheusi, nimetumbua lakini usaha hautoki.

Shikamoo mama. Hautatoka mama, na usikamue tena. Usaha wa kuku hautiririki kama wa mtu, unaganda unakuwa kama kiini cha yai lililochemshwa, ukikamua unausukuma ndani kwenye mishipa na mfupa. Hilo ni jipu la wayo, anachomwa na mwiba au waya au anaruka kutoka juu kwenye sakafu ngumu, kidonda kikipata unyevu na kinyesi bakteria wanaingia.

Vaa glavu, hao bakteria wanaweza kuingia hata kwenye mchubuko wa mkono wako. Loweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi kama dakika 15 hadi lile gamba jeusi lilainike, likiachia lenyewe litoe pamoja na kile kigaga cha ndani, safisha kwa iyodini, weka shashi, funga na bandeji ila usibane vidole. Rudia kila siku au kila baada ya siku 2. Akae peke yake kwenye maranda makavu. Mguu ukiwa wa moto na uvimbe umepanda hadi kifundoni, hapo ndipo antibayotiki inahitajika, ya kuandikiwa na daktari. Na zile fito za kulalia zishushe mama, kuku mzito akiruka kila asubuhi toka juu atarudi na jipu lile lile.

Uso umevimba upande mmoja, anatoa makamasi na ananuka.

Hiyo harufu mbaya inaelekeza kwenye mafua makali ya kuku, ni bakteria, na hapa antibayotiki inasaidia kweli. Mtenge leo leo, vyombo vya maji visichangiwe. Anayepona anaweza kubaki anaambukiza wengine kwa muda mrefu, kwa hiyo usimuuze kwa jirani ukajifanya hujui. Ila kama vilemba vimegeuka bluu na kuku wengi wanakufa ghafla, usichinje wala usile, mpigie afisa mifugo siku hiyo hiyo.

Nimempa dawa, mayai yake tunaweza kula?

Soma kibandiko, kimeandikwa siku ngapi za kusubiri kwa mayai na ngapi kwa nyama, na zinahesabiwa toka dozi ya mwisho si ya kwanza. Dawa nyingine haziruhusiwi kabisa kwa kuku wa mayai. Kibandiko kimefutika au umepimiwa kwenye karatasi? Rudi dukani uliza, na hadi ujibiwe mayai usiyauze wala usiwape watoto.