Bustani aliyokuwa anatupeleka baba: kwa nini nawaambia wafiwa warudi pale

Swali ninaloulizwa sana na watu waliofiwa na mzazi, hasa ikikaribia tarehe aliyofariki au siku yake ya kuzaliwa, ni hili: tukiwachukua watoto tukaenda pale pale mzee alipokuwa anatupeleka, si tutajitonesha kidonda bure? Mimi kazi yangu ni ushauri nasaha kwa wafiwa, nimeifanya miaka mingi, na jibu langu huwa ni moja tu, nendeni. Nendeni wote mnaoweza kwenda, pamoja na wale wadogo ambao hawamkumbuki vizuri. Ila naomba nieleze kwa nini, maana ukielewa kinachotokea kichwani unaenda ukiwa na moyo mwingine kabisa.

Kitu cha kwanza, na kwangu ndo kikubwa kuliko vyote. Wazazi wetu wengi hawaondoki ghafla, wanaugua kwanza na sisi tunawauguza, na ile miezi ya mwisho, kitanda, dawa, sauti imefifia, mikono imekonda, ndo inabaki kuwa picha inayokuja kila ukifumba macho, hata kama mzee aliishi miaka 70 akiwa na nguvu zake na akaumwa miezi 6 tu. Hili nalisikia mara kwa mara. Mtu amekaa mbele yangu analia, na ukimsikiliza vizuri unagundua kinachomliza zaidi ni kwamba hamwoni tena mama yake wa zamani, kila akimtafuta anamwona mgonjwa. Sasa nyumbani hakumsaidii sana kwa sababu kile kitanda kilikuwa nyumbani. Kaburini nako anakutana na siku ya maziko. Lakini bustani mliyokuwa mnaenda siku za mapumziko, ugonjwa haukuwahi kufika kule, kila kona ya pale ni ya mzazi akiwa mzima, anatembea, anawaita watoto wasisogelee maji, anagombana na kofia yake upepo ukivuma. Ndo maana nawaambia watu warudi, kumchukua yule.

Na sayansi ya kumbukumbu inaeleza vizuri tu kwa nini sehemu ina nguvu hivyo. Ndani kabisa ya ubongo, kila upande, kuna kisehemu kinaitwa hipokampasi. Mwaka 1971 John O'Keefe na mwenzake kule London walionesha kwamba kwenye hipokampasi ya panya kuna seli ambazo zinawaka pale tu panya anapokuwa sehemu fulani, akihamia kona nyingine zinanyamaza na zinawaka nyingine, na kazi hiyo ilimpa O'Keefe Tuzo ya Nobel mwaka 2014 pamoja na May-Britt Moser na Edvard Moser. Hipokampasi hiyohiyo ndo inayounganisha kumbukumbu za matukio ya maisha yako, nani alikuwepo, alisema nini, jua lilikuwa upande gani. Yani kazi ya kujua "niko wapi" na kazi ya kukumbuka "hapa kulitokea nini" zinafanyika kwenye nyumba moja, kwahiyo ukikanyaga njia ile, stori zinakuja zenyewe hata kama hukuziita.

Kuna jaribio moja linalotajwa sana, la Godden na Baddeley la mwaka 1975, waliwachukua wapiga mbizi wakawapa orodha za maneno, nyingine wakiwa nchi kavu na nyingine wakiwa chini ya maji, alafu wakawapima. Waliojifunzia chini ya maji walikumbuka vizuri zaidi wakiwa chini ya maji, wa nchi kavu hivyohivyo kwa nchi kavu. Wengine waliolirudia baadae hawakupata matokeo yaleyale, na tafiti zikijumlishwa pamoja athari ipo ila ni ya wastani, kwahiyo sikuahidi maajabu. Ninachokuahidi ni kwamba kuna vitu vya mzazi wako ambavyo ukiwa sebuleni huvipati hata ukikaa usiku kucha, na ukifika kwenye ule mteremko wa kuelekea bwawani vinakuja bila kupiga hodi.

Naomba nitoe mfano wa kwetu. Baba alikuwa na bustani yake moja, hatukuwahi kwenda nyingine, na pembeni ya bwawa kuna uzio wa vyuma vya mviringo ambapo chuma kimoja kimelegea toka tukiwa wadogo. Baba akipita pale alikuwa anakizungusha kwa kiganja, krr krr, huku anaendelea na maongezi yake wala hakiangalii. Sasa baada ya yeye kufariki tulienda sisi watoto wake na wajukuu, tunatembea tunaongea mambo mengine kabisa, nikasikia krr krr, nikashtuka, kumbe ni mkono wangu. Dada yangu akasimama. Hakusema kitu, akaja akaweka mkono wake juu ya wangu akakizungusha tena. Mimi nisingeweza kukuambia siku moja kabla kwamba baba alikuwa na hiyo tabia, haikuwepo kwenye hotuba niliyosoma msibani, haikuwepo kwenye picha yoyote, ilikuwa imekaa mkononi.

Na kitaalamu ipo hivyo kabisa, kumbukumbu za mwili zina njia yake. Brenda Milner alilionesha hili kwa mgonjwa maarufu Henry Molaison, ambaye mwaka 1953 alifanyiwa upasuaji ukaondoa sehemu kubwa ya hipokampasi zake mbili, akawa hawezi kutunza tukio jipya hata kidogo, lakini alipofundishwa kuchora nyota akiwa anaiangalia kwenye kioo, mkono wake uliboreka siku hadi siku wakati yeye mwenyewe kila siku alikuwa anadhani hajawahi kufanya zoezi hilo. Kwahiyo mkiwa bustanini acheni miili yenu ifanye ilichozoea. Kama mlikuwa mnazunguka bwawa kwa kuanzia kushoto, anzieni kushoto. Kama alikuwa anakaa benchi la mwisho kabisa, msikae la kwanza eti kwa sababu mmechoka.

Harufu nayo ni hivyohivyo. Taarifa za macho na masikio zinapitia kwanza kituo cha katikati ya ubongo kinachoitwa thalamasi, ila harufu ina njia ya mkato, inaingia karibu moja kwa moja kwenye amigdala inayohusika na hisia, na jirani yake hipokampasi. Nyasi zilizokatwa asubuhi, udongo ukishalowa mvua, maji yaliyotulia. Mtu anaweza kuwa sawa kabisa njia nzima alafu mvua ikadondoka kidogo akabubujika, na watoto wanashangaa amefanyaje. Hajafanya kitu, msimkimbize nyumbani, mwacheni alie na mtu mmoja akae nae.

Sasa kuna hofu nyingine, kwamba kumrudia rudia marehemu ni kukataa kukubali. Hii imani ina historia ndefu. Sigmund Freud, yule daktari aliyeanzisha tiba ya kuchambua nafsi, mwaka 1917 aliandika kwamba kazi ya maombolezo ni kuondoa mapenzi yako kwa aliyekufa kidogo kidogo mpaka uwe huru, na wataalamu wengi wakalibeba hilo kwa miaka mingi. Alafu watu wakaongeza zile hatua tano za huzuni (kukataa, hasira, kujadiliana, sononeko na kukubali) za daktari Elisabeth Kübler-Ross za mwaka 1969, wakazifanya kama ngazi ambayo kila mfiwa lazima aipande mpaka juu, wakati yeye alizitoa kwenye mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa wenyewe. Mwaka 1996 Dennis Klass, Phyllis Silverman na Steven Nickman ndo walikusanya kazi iliyobadilisha upepo, wakaonesha kwamba wafiwa wengi wenye afya nzuri ya akili hawakati uhusiano na waliokufa, wanaubadilisha tu. Unaendelea kuwa mtoto wa baba yako. Unaongea nae kichwani, unajiuliza hapa angefanyaje, unaenda bustani yake. Hilo ni jambo la kawaida kabisa na naomba ndugu na majirani waache kuwaambia watu "achana nayo sasa, imetosha."

Ila mzani unatakiwa. Margaret Stroebe na Henk Schut mwaka 1999 walieleza kwamba mfiwa anayekwenda vizuri anayumba huku na huku, muda fulani yuko ndani ya huzuni yake, muda mwingine anashughulika na maisha yanayoendelea, anacheka, analipa bili, anamkosoa mtoto homuweki. Matembezi ya familia yana hivyo vyote viwili kwa wakati mmoja, ndo uzuri wake, unaongelea jinsi mama alivyokuwa anaimba pale chini ya mti na hapohapo inabidi ukimbie kumtoa mtoto kwenye tope. Kwahiyo msiigeuze siku nzima kuwa ibada ya kumbukumbu. Hamna haja ya hotuba wala ratiba. Mpira uwepo. Watoto wakicheka kwa sauti msiwanyamazishe, babu yao hakuwapeleka pale wakae kimya.

Na kutembea kwenyewe kunasaidia. Mkitembea bega kwa bega hakuna anayemkodolea mwenzake macho, na nimeona wanaume waliogoma kuongea kwangu ofisini wanafunguka wenyewe wakiwa njiani. Gregory Bratman na wenzake mwaka 2015 walionesha kwamba kutembea dakika 90 kwenye mazingira ya asili kulipunguza ile hali ya kuwaza jambo baya moja mara mia, na waliotembea kando ya barabara kubwa hawakupata nafuu hiyo.

Kuhusu watoto nataka nikae kidogo. Kwa kawaida mtoto anaanza kuelewa kwamba kifo hakina kurudi na kwamba kinampata kila mtu akiwa na miaka kati ya 5 na 7, kabla ya hapo anaweza kukuuliza babu atakuja saa ngapi, umjibu kwa maneno ya moja kwa moja, babu alikufa, mwili wake haufanyi kazi tena, hawezi kuja. Ukisema amelala unamtengenezea mtoto hofu ya kulala. Ukisema amesafiri atamsubiri. Na kumbukumbu ya matukio ya kabla ya miaka 3 karibu yote inapotea ukubwani, hiyo ni kwa watu wote, kwahiyo mtoto aliyempoteza bibi akiwa mdogo sana hatakuwa na bibi yeyote kichwani zaidi ya yule mtakayempa nyie kwa stori.

Na stori zina namna yake. Elaine Reese na Robyn Fivush wamefuatilia miaka mingi jinsi wazazi wanavyoongea na watoto kuhusu yaliyopita, na watoto ambao wazazi wao wanauliza maswali ya wazi na kuongezea maelezo wanakuja kukumbuka maisha yao kwa undani zaidi kuliko wale wanaoulizwa maswali ya ndio na hapana. Kwahiyo badala ya "unamkumbuka babu?" jaribu "unadhani babu alikuwa anafanya nini akifika kwenye hili daraja?" Mpwa wangu alimjua baba akiwa kitandani tu, akaniuliza pale bustanini, "babu alikuwa anaweza kukimbia?" Nikamwonesha kutoka mti gani mpaka mti gani baba alikuwa anatushindanisha, na yeye yupo nyuma yetu anajifanya anashindwa. Mtoto akaangalia ule umbali muda mrefu, alafu akavua viatu akakimbia.

Mtabishana kuhusu stori, lazima. Wewe unasema ilikuwa benchi lile, kaka yako anasema hapana lilikuwa hili. Frederic Bartlett alishasema toka mwaka 1932 kwamba kukumbuka ni kujenga upya kila mara, hakuna kanda ya video humo ndani, kwahiyo msigombane, acheni matoleo yote mawili yaishi. Na simu ziwekeni mfukoni muda mwingi, Linda Henkel mwaka 2014 aligundua kwamba watu waliopiga picha vitu kwenye makumbusho walivikumbuka kidogo kuliko walivyoviangalia tu kwa macho. Piga picha chache, bora zaidi rekodi sauti ya shangazi akisimulia.

Wapo wasioweza kwenda, wako mbali au bustani imeshajengwa magorofa. Steven Smith alionesha mwaka 1979 kwamba kuliwaza eneo kichwani kwa makini kunasaidia kukumbuka karibu sawa na kurudi pale, kwahiyo kaeni chini, fumbeni macho, mtu mmoja aanze kutokea getini aeleze kila kitu kwa mpangilio, kushoto kuna nini, mbele kuna nini, wengine waongezee.

Wapo pia ambao mzazi wao alikuwa mkali au aliwaumiza, na bustani kwao sio sehemu nzuri. Hao msiwalazimishe, hata kama ni ndugu wa tumbo moja mlikulia nyumba moja, kila mtoto alikuwa na baba wake.

Na kuna wachache ambao huzuni imekwama. Kwenye mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, ICD-11, ulioanza kutumika 2022, huzuni ya muda mrefu imewekwa rasmi kama tatizo la kiafya, pale ambapo imepita angalau miezi 6 na mtu bado anatamani kuwa na marehemu kila siku kiasi kwamba kazi, malezi na maisha yamesimama. Inakadiriwa kama mtu 1 kati ya 10 wanaofiwa anafika huko. Ukiona ndugu yako yuko hivyo, matembezi hayatoshi, mpeleke kwa mtaalamu, kuna tiba maalumu ya mazungumzo kwa ajili hiyo na inafanya kazi. Mwambie utaenda nae siku ya kwanza na utamsubiri nje.