Ruzuku ya betri za nyumbani Marekani: jimbo linalipia nini?

Betri ya kuhifadhia umeme wa nyumba nzima bei yake si ya mchezo, na baadhi ya majimbo ya Marekani humsaidia mwenye nyumba kuilipia. Msaada huo ndio ruzuku ya betri. Wengi huudhani ni zawadi tu. Ukweli ni kwamba jimbo huwa lina kitu linachokitaka kutoka kwenye hiyo betri.

California ina mpango uitwao SGIP, ulioanza 2001 baada ya mgogoro mkubwa wa umeme jimboni humo. Huu hulipia ukubwa wa betri, yaani idadi ya kilowati-saa inazoweza kutunza. Kuna maeneo ambako upepo ukivuma kwa nguvu kampuni hukata umeme makusudi, ili nyaya zisije zikawasha moto porini. Fungu lililotengwa kwa ajili ya wakazi wa huko lililipa dola 1,000 kwa kilowati-saa. Chukua Powerwall, betri ya nyumbani ya kampuni ya Tesla, ya kilowati-saa 13.5: hapo ni dola 13,500, kiasi kinachoweza kumaliza gharama yote au karibu yote. Lakini kuishi huko tu hakukutosha. Ilibidi pia uwe, kwa mfano, na kipato cha chini, au nyumbani kuwe na mgonjwa anayetegemea mashine ya umeme. Watu wa kawaida walipewa kidogo zaidi, na kiwango chao kilishuka ngazi kwa ngazi kadiri fedha zilivyochukuliwa.

Maryland ilitangulia majimbo yote kwa nafuu ya kodi ya betri, mwaka 2018: ilikuwa asilimia 30 ya gharama, isiyozidi dola 5,000 kwa nyumba ya kuishi.

Mpango ninaoupenda zaidi ni ConnectedSolutions wa Massachusetts, kwa sababu hulipia kazi iliyofanyika. Siku za joto kali kiangazi, viyoyozi vikiwa vimewashwa kila nyumba, kampuni ya umeme huagiza betri za wateja zitoe umeme kwa saa mbili au tatu. Hapo inaepuka kuwasha mitambo ya akiba, ambayo umeme wake ni ghali. Mwenye betri hulipwa dola 275 kwa kila kilowati (kipimo cha kasi ya kutoa umeme, si cha kiasi kinachotunzwa), kwa wastani wa alichotoa msimu mzima. Anayetoa wastani wa kilowati 5 anapata dola 1,375. Unaweza kukataa siku fulani, ila siku hiyo inahesabiwa sifuri na wastani wako unashuka.

Serikali kuu nayo ilikuwa ikitoa nafuu ya kodi ya asilimia 30, lakini kwa wenye nyumba iliishia 31 Desemba 2025. Kwa hiyo sasa ruzuku ya jimbo ndiyo inayoamua hesabu. Fundi akikuletea bei, muulize kama ameshaipunguza ruzuku kwenye bei hiyo, na kama fungu lenyewe bado lina fedha. Mafungu haya huisha, na anayechelewa huwekwa kwenye foleni.