Kabla ya Kubadilishana Mpakato na Kompyuta ya Mezani, Zipime Zikiwa Zimepata Moto

Mazungumzo ya kubadilishana mashine mara nyingi huanzia kwenye stika ya prosesa ya Intel: hii ni i7, ile ni i5, basi mwenye i5 aongeze hela. Stika hiyo haikuambii mengi. Core i7-7500U ya kompyuta mpakato ina viini 2 (sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa wakati mmoja) na imepangiwa wati 15. Core i5-7500 ya mezani, kizazi kile kile, ina viini 4 na wati 65. Kwa kazi inayotumia viini vyote, kama kubana video, i5 huiacha i7 nyuma kabisa.

Soma herufi ya mwisho ya jina la prosesa. U ni prosesa iliyotengenezwa kula umeme kidogo. H na HQ ni za mpakato wenye nguvu. T ni ya mezani iliyopunguziwa wati. F haina grafiki za ndani, kwa hiyo mwenye mashine aking'oa kadi yake kabla ya kukukabidhi, skrini itabaki nyeusi.

Kadi za grafiki hudanganya zaidi. RTX 3080 ya mezani ina viini vya CUDA (viini vidogo vya kadi za NVIDIA) 8,704 na wati 320. RTX 3080 ya mpakato ina 6,144, na mtengenezaji anaweza kuiwekea kikomo cha wati 80 tu. Uliza wati, si jina.

Sasa kupima. Chomeka mpakato kwenye chaja yake halisi, maana ikiwa kwenye betri au chaja dhaifu hujipunguza mwendo. Weka mashine zote kwenye hali ya umeme ya utendaji wa juu, subiri masasisho ya Windows yaishe, funga programu zote. Kama ya mezani ina kadi ya grafiki, hakikisha waya wa skrini umechomekwa kwenye kadi na si kwenye mazabodi. Kosa hili dogo huifanya kadi nzuri ionekane haina kazi.

Weka toleo moja la 7-Zip, programu ya kubana mafaili, kwenye zote mbili, fungua Tools kisha Benchmark, chagua nyuzi zote za prosesa (threads, yaani kazi inazoweza kuendesha kwa pamoja) na ukubwa ule ule wa kamusi (Dictionary size), halafu ongeza mizunguko (passes) ili jaribio liende walau dakika 15. Pembeni fungua HWiNFO uone joto, wati na mwendo wa prosesa. Andika alama ya mzunguko wa kwanza na ya mwisho. Inayohesabika ni ya mwisho. Prosesa nyingi za mpakato huruhusiwa kuvuka wati zake kwa muda mfupi, kisha hurudishwa chini. Ndiyo maana majaribio ya dakika moja huipendelea mpakato.

Alama ikishuka sana, usikimbilie kusema mashine ni mbovu. Joto likiwa nyuzijoto 95 au zaidi huku wati ziko chini ya kiwango cha prosesa, upoozaji umezibwa: vumbi kwenye mapezi ya kipoozeo, feni iliyochoka, au pasta ya joto iliyokauka. Hilo linatibika. Joto likiwa 70 na wati zimeganda kwenye 15, hapo hakuna ugonjwa, ndivyo ilivyoundwa, na kuisafisha hakutaongeza kitu. Mwendo ukiganda chini ya GHz 1 wakati joto ni dogo, shuku chaja au betri kwanza.

Rudia kwa uzi mmoja. Kama kazi zako ni nyaraka na kivinjari, alama hiyo ndiyo yako, na hapo tofauti ya mpakato na mezani hupungua sana.

RAM (kumbukumbu ya muda): fungua Task Manager, ukurasa wa Memory, uone nafasi ngapi zimetumika. GB 16 kwenye kijiti kimoja hupunguza nguvu ya grafiki za ndani ukilinganisha na vijiti viwili vya GB 8. Mipakato mingi myembamba ina RAM iliyochomewa kwenye mazabodi, haiongezeki.

Kwenye diski, CrystalDiskMark, programu ya kupima mwendo wa diski, itakuonyesha MB 550 kwa sekunde kwa SSD ya SATA na karibu 3,500 kwa NVMe ya PCIe 3.0. Namba hizo zinavutia, ila wepesi wa kila siku uko kwenye mstari wa RND4K Q1T1 (kusoma vipande vidogo vilivyotawanyika), ambapo diski inayozunguka hutoa MB 1 hivi na SSD makumi. Kisha CrystalDiskInfo, inayoonyesha afya ya diski: kwa diski inayozunguka, mistari ya 05 na C5 (sekta mbovu) ikiwa na namba zaidi ya sifuri kwenye Raw Values, hesabu diski hiyo kama haipo.

Kwa betri, andika powercfg /batteryreport kwenye Command Prompt. Iliyoundwa kubeba mWh 50,000 ikabaki na 30,000 imebakiwa na asilimia 60. Upande wa mezani, kumbuka skrini, kibodi na adapta ya Wi-Fi. Hivyo ni sehemu ya thamani.

Windows 11 inahitaji TPM 2.0 (chipu ya usalama), na kwa Intel orodha rasmi ya prosesa karibu yote huanzia kizazi cha 8. Prosesa zile mbili za mwanzo, i7-7500U na i5-7500, hazimo, na Windows 10 ilikoma kupata msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Mwisho, nenosiri la BIOS, programu ya mipangilio inayowaka kabla ya Windows. Kwenye ya mezani mara nyingi hufutika kwa jampa (kijiunganishi kidogo cha pini) ya mazabodi. Kwenye mipakato mingi limehifadhiwa kwenye chipu na kutoa betri ndogo ya mazabodi hakulifuti, kwa hiyo iwashe mwenyewe, ingia BIOS, badilisha mpangilio mmoja na uuhifadhi. Ikikataa, usiichukue.